Kuyumba kwa Kompyuta baada ya Kuzidisha Kasi ya Kadi ya Michoro: Namna ya Kutafuta Chanzo na Kulinda Uhalali wa Matokeo ya Utafiti

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kutafuta chanzo cha kuyumba kwa kompyuta ambayo kadi yake ya michoro imezidishiwa kasi kupita kiwango kilichowekwa kiwandani. Hoja kuu ni kwamba kuzima ghafla, kuganda na kuvurugika kwa picha ni upande mmoja tu wa tatizo, yaani ule unaoonekana. Upande wa pili ni makosa ya ukokotozi yasiyotoa ishara yoyote, ambayo huweza kuingia katika matokeo ya utafiti bila mtafiti kujua. Kwa kuwa pande zote mbili zina asili moja, makala yanapendekeza utafutaji wa chanzo uendeshwe kama jaribio la kisayansi: kurejea hali ya msingi, kubadili kigeu kimoja kwa wakati mmoja, na kupima kwa muda unaolingana na uhaba wa tukio. Mwishoni yametajwa mambo ambayo mtafiti anapaswa kuyaeleza katika sura ya mbinu za utafiti.

Istilahi muhimu: kadi ya michoro, uzidishaji kasi, uthabiti, makosa ya kimya, hali ya msingi

1.0 Utangulizi

Kadi ya michoro ilibuniwa kwa ajili ya kuchora picha kwenye skrini. Hata hivyo, tangu kampuni ya Nvidia ilipotoa jukwaa la CUDA mwaka 2007, kadi hiyo imekuwa pia chombo cha ukokotozi. Leo hutumika kufunza mifumo ya utambuzi wa usemi, kuiga mienendo ya molekuli na kuchakata picha za setilaiti. Watafiti wengi wa shahada za juu hawana kompyuta kubwa za taasisi, hivyo hutegemea kadi moja ya bei ya kawaida, ileile inayouzwa kwa wacheza michezo ya kompyuta.

Katika mazingira hayo, kishawishi cha kuzidisha kasi ni kikubwa. Uzidishaji kasi, ambao mafundi huuita ovakloki, ni kitendo cha kuiamuru chipu au kumbukumbu ya kadi ifanye kazi kwa masafa ya juu kuliko yale yaliyothibitishwa na mtengenezaji. Kazi ya siku kumi ikipungua hadi siku tisa bila gharama ya ziada, mtafiti huona amepata faida. Faida hiyo ina gharama yake, nayo huanza kuonekana pale kompyuta inapoanza kuyumba.

Maelezo mengi kuhusu tatizo hili yamewalenga wacheza michezo, na kipimo chao cha mafanikio ni kimoja: mchezo usikatike. Makala haya yanashikilia kwamba kipimo hicho hakimtoshi mtafiti. Kompyuta isiyozima si lazima iwe kompyuta inayokokotoa kwa usahihi. Ili kuthibitisha dai hilo, ni muhimu kwanza kueleza kinachotokea ndani ya kadi.

2.0 Kinachobadilika Kasi Inapozidishwa

Chipu hufanya kazi kwa mapigo ya saa. Katika kila pigo, ishara ya umeme hupita katika msururu wa transista na matokeo yake hunaswa kabla ya pigo linalofuata. Kwa masafa ya MHz 1,800, pigo moja huchukua takribani nanosekunde 0.556. Kwa MHz 1,950, muda huo hupungua hadi nanosekunde 0.513. Ishara iliyokuwa ikifika kwa wakati sasa inaweza kuchelewa kidogo, na kinachonaswa kikawa 0 badala ya 1.

Hiyo ndiyo asili ya sehemu kubwa ya kuyumba kunakojadiliwa hapa: biti moja imenaswa vibaya. Matokeo yake hutegemea mahali biti hiyo ilipokuwa. Ikiwa ilikuwa sehemu ya rangi ya nukta moja ya picha, doa huonekana kwa sehemu ndogo ya sekunde kisha likatoweka. Ikiwa ilikuwa sehemu ya anwani ya kumbukumbu au ya amri, programu hukatika au kadi huganda. Ikiwa ilikuwa sehemu ya namba ndani ya matriki, namba hubadilika na kazi huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Matukio haya matatu yana chanzo kimoja, ingawa mtumiaji huyaona kuwa ni mambo tofauti, na lile la tatu halioni kabisa.

Mtengenezaji hulijua jambo hili. Kwa sababu hiyo huacha nafasi ya usalama kati ya kasi anayoiuza na kasi ambayo chipu ingeanza kukosea. Nafasi hiyo hufidia tofauti za chipu na chipu, joto, uchakavu wa miaka na kushuka kwa volteji kwa muda mfupi. Wahenga walisema akiba haiozi. Anayezidisha kasi huitumia akiba hii, na hapewi taarifa ya kiasi kilichobaki.

Njia ya kawaida ya kurejesha sehemu ya akiba ni kuongeza volteji, kwa kuwa transista hubadilika haraka zaidi volteji inapopanda. Hata hivyo, nguvu inayotumika katika ubadilikaji wa transista huongezeka kwa uwiano wa masafa yakizidishwa kwa mraba wa volteji. Masafa na volteji vikipanda kwa asilimia 10 kila kimoja, nguvu hiyo hupanda kwa takribani asilimia 33. Wati 200 huwa karibu wati 266. Ongezeko hilo hugeuka joto, hulemea pawasaplai, na kwa njia hiyo hula tena akiba iliyokusudiwa kurejeshwa.

Mambo mawili zaidi hupotosha uchunguzi yasipofahamika. Kwanza, kadi za kisasa hazina masafa mamoja bali zina mkunjo unaooanisha kila kiwango cha volteji na masafa yake. Nyongeza ya MHz 150 kwa kawaida huupandisha mkunjo mzima. Hivyo kadi inaweza kustahimili mzigo mzito, kisha ikaganda mtumiaji anapotazama video, kwa sababu mzigo mwepesi huishusha hadi kwenye volteji ndogo ambako akiba ilikuwa finyu zaidi. Pili, kumbukumbu za aina ya GDDR5 na zilizofuata zina uwezo wa kugundua makosa ya usafirishaji wa data kati ya chipu na kumbukumbu, na data iliyoharibika inaweza kutumwa upya. Kwa hiyo dalili ya kwanza ya kumbukumbu iliyozidishiwa kasi kupita kiasi inaweza kuwa kupungua kwa ufanisi na si kuzima.

3.0 Dalili na Mipaka ya Ushahidi Wake

Dalili huelekeza mahali pa kuanzia uchunguzi. Haitoi hukumu, kwa kuwa dalili moja inaweza kuwa na vyanzo kadhaa.

Madoa, mistari na pembetatu zinazotanda ovyo kwenye picha huashiria chipu au kumbukumbu ya kadi. Swali la kuuliza ni lini yanaonekana. Uzidishaji kasi unaofanywa kwa programu huanza kutumika baada ya mfumo endeshi kuwaka. Ikiwa madoa yanaonekana tangu skrini ya bayosi, basi mpangilio huo wa kasi haujaanza kutumika, na kinachopaswa kushukiwa ni kebo, skrini au uharibifu wa kadi yenyewe.

Skrini kuwa nyeusi kisha kurejea huashiria kwamba draiva ilianzishwa upya. Tangu toleo la Vista, Windows huisubiri kadi kwa sekunde 2 kwa kawaida. Isipojibu, mfumo huianzisha upya na kuandika tukio namba 4101 katika daftari la matukio. Jaribio hilo likishindikana, skrini ya bluu yenye msimbo 0x116 hutokea. Kwa mtafiti kuna tahadhari ya pekee hapa. Ukokotozi halali unaoishikilia kadi kwa zaidi ya sekunde 2, hasa kadi ileile ikiwa ndiyo inayoendesha skrini, unaweza kuleta tukio hilohilo hata kama kadi ni nzima na haijazidishiwa kasi.

Kompyuta kuzima au kujiwasha upya bila ujumbe wowote huelekeza kwenye umeme. Windows huandika tukio namba 41 la Kernel-Power, ambalo wengi hulisoma kama utambuzi wa ugonjwa. Kwa hakika tukio hilo husema tu kwamba mashine ilikatika bila kufungwa kwa utaratibu. Halisemi kwa nini. Makosa yanayoandikwa chini ya jina WHEA, kwa upande mwingine, huripotiwa na prosesa kuu au njia za mawasiliano za ubao mama, hivyo hupanua uchunguzi nje ya kadi.

Katika Linux, draiva ya Nvidia huandika misimbo inayoitwa Xid. Msimbo 79 humaanisha kadi imetoweka kwenye njia ya mawasiliano, jambo linaloelekeza kwenye umeme, joto, mguso wa kadi na soketi yake au ubovu wa kifaa. Misimbo 13 na 31 huweza kutokana na kifaa, lakini pia hutokana na hitilafu za kawaida za uandishi wa programu. Mtafiti anayeandika programu yake mwenyewe hapaswi kuilaumu kadi kabla ya kuichunguza programu hiyo.

4.0 Funzo la Septemba 2020

Kisa kimoja kinachojulikana kinaonesha hatari ya kuhukumu mapema. Kadi ya GeForce RTX 3080 iliingia sokoni tarehe 17 Septemba 2020. Muda mfupi baadaye, watumiaji walianza kuripoti kwamba michezo ilikatika pale masafa ya chipu yalipokaribia au kupita GHz 2. Wengi wao hawakuwa wamebadili chochote. Hata hivyo, kadi nyingi zilizouzwa na kampuni washirika zilikuwa zimezidishiwa kasi tangu kiwandani.

Maelezo ya awali yaliyoenea yalizilaumu kapasita zilizo nyuma ya chipu, ambazo kazi yake ni kutuliza volteji. Kampuni ya EVGA ilieleza kwamba katika majaribio yake muundo wa kapasita sita kubwa za aina ya POSCAP haukufaulu, hivyo ikaubadilisha kwa kuongeza kapasita ndogo za kauri. Umma ukahitimisha kwamba chanzo kimepatikana. Tarehe 28 Septemba, Nvidia ilitoa draiva 456.55 iliyokusudiwa kuboresha uthabiti, na watumiaji wengi wakaripoti kwamba kadi zilezile zenye kapasita zilezile ziliacha kukatika. Kabla ya hapo, kupunguza masafa kidogo kulikuwa pia kumeleta nafuu.

Funzo la kimbinu ni kwamba mabadiliko matatu tofauti, yaani ya kapasita, ya draiva na ya masafa, yote yaliathiri dalili moja. Yote yaligusa akiba ileile ya usalama iliyojadiliwa katika sehemu ya 2.0. Hivyo basi, nafuu inayopatikana baada ya badiliko fulani haithibitishi kwamba kitu kilichobadilishwa ndicho kilichokuwa kibovu. Inathibitisha tu kwamba akiba imeongezeka.

5.0 Hatua za Kutenganisha Chanzo

Hatua ya kwanza ni kuandika hali ilivyo kabla ya kugusa chochote: toleo la draiva, masafa, volteji, kikomo cha nguvu, jotoridi, saa ya kila tukio na kazi iliyokuwa ikiendelea. Bila rekodi hiyo, hatua zinazofuata hazina cha kulinganishwa nacho.

Hatua ya pili ni kurejea hali ya msingi kikamilifu. Si kadi peke yake inayorejeshwa. Kasi ya prosesa kuu na ya RAM, ambayo mara nyingi huwa imepandishwa kupitia bayosi, nayo inarejeshwa katika kiwango cha kawaida. Mipangilio inayojipakia yenyewe mfumo unapowaka inaondolewa. Ikiwa kadi ilizidishiwa kasi kiwandani, inashushwa hadi masafa rejea ya mtengenezaji wa chipu. Baada ya hapo kompyuta ianzishwe upya kwa amri ya kuanzisha upya, kwa sababu uzimaji wa kawaida wa Windows, uwashaji wa haraka ukiwa umewezeshwa, huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo na kuirejesha inapowashwa.

Hatua ya tatu ni kupima katika hali hiyo. Kompyuta ikiendelea kuyumba, uzidishaji kasi wa sasa si maelezo ya kutosha. Hapo draiva isakinishwe upya baada ya kuondolewa kabisa, RAM ipimwe peke yake, na mfumo wa umeme ukaguliwe. Soketi ya ubao mama hutoa hadi wati 75, na kiunganishi cha pini 8 hutoa hadi wati 150, hivyo kadi yenye viunganishi viwili vya aina hiyo inapaswa kupata kebo mbili zinazojitegemea. Njia ya volti 12 inatakiwa kubaki kati ya volti 11.4 na 12.6. Hata hivyo, multimita huonesha wastani. Haioni mruko wa nguvu unaodumu kwa sehemu ndogo ya milisekunde, ambao unatosha kuichochea pawasaplai ijizime. Mahali ambapo umeme wa gridi hupanda na kushuka, jaribio lifanyike nyuma ya kifaa cha kudhibiti volteji, la sivyo kushuka kwa umeme kutahesabiwa kuwa kosa la kadi. Ushahidi wenye nguvu zaidi hupatikana kwa kubadilishana: kadi inayoshukiwa iwekwe katika kompyuta nzima, na kadi nzima iwekwe katika kompyuta inayoshukiwa.

Hatua ya nne hufuata ikiwa hali ya msingi ni thabiti. Kasi iongezwe kwa kigeu kimoja: chipu kwanza, kwa hatua ndogo kama MHz 15, huku kumbukumbu ikiwa katika kiwango cha kiwandani, kisha kumbukumbu peke yake. Kila hatua ipimwe kwa mzigo mzito, mzigo mwepesi na mzigo unaobadilikabadilika. Baada ya hapo vigeu viwili viunganishwe na kupimwa upya, kwa sababu chipu na kumbukumbu hugawana nguvu na joto. Kila kimoja kufaulu peke yake si dhamana ya kufaulu kwa pamoja.

Hatua ya tano ni kurudia kipimo katika joto la juu kabisa linalotarajiwa. Mpangilio uliofaulu usiku katika chumba chenye kiyoyozi haujathibitishwa kwa alasiri ya Januari jijini Dar es Salaam, ambako joto la nje hufikia nyuzi 30 na zaidi. Aidha, jotoridi la kumbukumbu na la sehemu yenye joto zaidi ya chipu husomwa kando, kwa kuwa linaweza kuwa juu sana kuliko namba kuu inayooneshwa.

Jambo la mwisho ni muda wa kupima. Tuchukulie hitilafu inayotokea kwa nasibu, wastani mara moja kila saa 10. Uwezekano wa kupita saa nzima bila kuiona ni takribani asilimia 90. Kwa hiyo jaribio la saa moja lililopita salama halisemi lolote la maana. Ili uwezekano wa kuikosa ushuke hadi takribani asilimia 5, kipimo kinapaswa kudumu mara tatu ya wastani huo, yaani saa 30. Kadiri tukio linavyokuwa haba, ndivyo ukimya wa muda mfupi unavyopungua thamani kama ushahidi.

6.0 Makosa ya Kimya na Uhalali wa Matokeo

Mwaka 2010, Imran Haque na Vijay Pande wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti uliotumia programu ya MemtestG80 kupima kadi za michoro za watu waliojitolea katika mradi wa Folding@home, kwenye kompyuta zaidi ya 20,000. Katika mazingira yao ya maabara hawakupata kosa lolote. Katika kadi zilizokuwa kwa watumiaji, theluthi mbili zilionesha makosa ya kumbukumbu yanayoweza kugundulika. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba makosa hayo yaliendelea kuwepo hata baada ya kudhibiti athari ya uzidishaji kasi na ya viashiria vya joto, na yalitegemea sana usanifu wa kadi.

Kadi zilizopimwa zilikuwa za vizazi vya G80 na GT200, kwa hiyo uwiano huo hauwezi kuhamishiwa kwenye kadi za leo. Hata hivyo, utafiti huo unathibitisha mambo mawili. Mosi, kadi inaweza kukosea huku ikiendelea kufanya kazi. Pili, kuondoa uzidishaji kasi hupunguza mshukiwa mmoja lakini hakuthibitishi usahihi. Kumbukumbu yenye uwezo wa kusahihisha makosa husaidia, lakini hulinda data iliyohifadhiwa. Hailindi hesabu yenyewe inaponaswa kabla ya wakati ndani ya chipu.

Chukulia utafiti unaolinganisha mifumo miwili ya utambuzi wa usemi wa Kiswahili, ambapo tofauti ya kiwango cha makosa ya maneno ni nusu asilimia, na tofauti hiyo ndiyo dai la tasnifu. Ufunzaji wa mitandao ya neva huvumilia misukosuko midogo. Biti iliyogeuka inaweza kumezwa bila kuacha alama, au ikaonekana kama mruko usioelezeka katika mkondo wa hasara. Mtahini hana njia ya kutambua ni sehemu gani ya tofauti hiyo inatokana na mbinu na ni ipi inatokana na kadi, isipokuwa mtafiti amepima.

Upimaji huo unawezekana. Ukokotozi wenye jibu linalojulikana, kwa mfano kuzidisha matriki za namba kamili, urudiwe maelfu ya mara na kila jibu lilinganishwe na jibu la prosesa kuu. Namba kamili zinapendekezwa kwa sababu namba za desimali huleta tofauti ndogo halali pale mpangilio wa kujumlisha unapobadilika. Tofauti hizo si makosa ya kifaa. Kwa kazi ya ufunzaji, sehemu ya matokeo irudiwe katika kasi ya kiwandani, kwa mbegu ileile ya nasibu na kwa mpangilio unaolazimisha mfuatano uleule wa hesabu. Tofauti ikibaki hapo, inahitaji maelezo.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonesha kwamba kuyumba kwa kompyuta baada ya kuzidisha kasi ya kadi ya michoro ni matokeo ya kupungua kwa akiba ya usalama, na kwamba kuzima ghafla na makosa ya kimya huweza kutokana na chanzo hicho kimoja. Kwa mantiki hiyo, kompyuta inayozima humtahadharisha mtafiti. Ile inayokosea bila kuzima humwacha aendelee.

Inapendekezwa kwamba tasnifu inayotegemea ukokotozi wa kadi ya michoro ieleze, katika sura ya mbinu, aina ya kadi, toleo la draiva, hali ya kasi yake (ya rejea, iliyozidishwa kiwandani au iliyozidishwa na mtumiaji), kipimo cha usahihi kilichofanywa na muda wake. Maelezo hayo hayazidi aya moja. Aidha, matokeo ya mwisho yanayobeba dai la utafiti yakokotolewe katika kasi ya kiwandani. Uzidishaji kasi unaweza kutumika katika majaribio ya awali, ambako kosa huonekana na kurekebishwa. Haufai katika hatua ambayo namba zake ndizo zitakazotetewa mbele ya watahini.